Pampu Haina Kosa

Nilipotangaza katika mkutano wa chama kwamba nitaandika juu ya pampu ya petroli, rafiki yangu mmoja wa bara alicheka sana. "Nyinyi watu wa Amu mna punda, mtatufundisha nini juu ya injini?" Kweli, magari mengi huishia Mokowe, ng'ambo. Lakini boti nyingi za kwenda Pate, Faza au Kizingitini zina mashine nyuma, na kila mashine ina pampu, ndugu ya ile ya gari la zamani lenye kabureta.

Ndani ya pampu mna kiwambo cha mpira, chembamba kama ngozi ya ngoma. Pistoni ikipanda, kiwambo huvutwa na petroli huingia kwa kilango kimoja. Pistoni ikishuka, kiwambo husukumwa na petroli hutoka kwa kilango cha pili kwenda kwenye kabureta. Ni hivyo tu, maelfu ya mara kwa dakika. Katika gari kuukuu kazi hiyo ya kuvuta hufanywa na mkono wa chuma.

Sasa sikilizeni. Ami yangu ana boti ya abiria, na katika mwaka mmoja alinunua pampu mbili. Mashine ikizimika, fundi husema "pampu", na ami hutoa pesa. Siku moja ya Agosti tulitoka Mtangawanda na mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa kali, akimpeleka hospitali. Tulipofika katikati ya Mkanda, mashine ikafa. Maji yalikuwa yakitoka. Ami akavuta kamba mpaka jasho likamtiririka, akafungua plagi, akafunga, wapi! Ule mpira wa kufinya petroli ulikuwa umebanjika kama chapati, wala haurudi.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Mwanangu, hebu fungua kifuniko cha tangi." Kikalia fyuuu! Mashine ikawaka kwa mvuto wa pili, lakini boti ilikuwa imeshakaa juu ya tope. Tulingoja maji kujaa hadi usiku kati ya mikoko, mama yule akimpepea mwanawe kwa ukaya. Mtoto alipona, Alhamdulillahi, lakini saa zile sizisahau.

Kumbe skrubu ya kupitishia hewa kwenye kifuniko ilikuwa imezibwa na chumvi. Petroli ikitoka tangini lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, pampu huvuta utupu na kiwambo huteseka bure. (Somo la kanieneo ya hewa hilo, na mimi nilikuwa nasinzia darasani.)

Jambo la pili ni maji. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 740, na ya maji ni gramu 1000, kwa hivyo maji hukaa chini, pale pale mpira unapofyonza. Mengine hayaingii kwa wimbi. Tangi likilala nusu tupu, unyevu wa hewa huganda ndani yake usiku. Ndiyo maana sasa ami hujaza tangi jioni na kukaza ile skrubu, akaifungua asubuhi. Petroli ya mtungi huichuja kwa kitambaa safi, na ile ya chini, kama kidole kimoja, haimimini. Akiwa na shaka huitia kwenye chupa nyeupe, huiacha itulie, kisha hutazama chini. Kila wiki hufungua kikombe cha chujio. Mara ya kwanza tulikuta mchanga na maji ya kujaza kijiko! Na mpira wa petroli hauachi juani, maana ukipasuka hunyonya hewa.

Mwenye gari naye afanye hayo hayo ya chujio na petroli safi. Lakini gari lenye pampu ya umeme ndani ya tangi lina sharti zaidi: petroli ndiyo huipoza pampu ile, kwa hivyo ukizoea kuendesha tangi likikaribia kukauka, unaichoma mwenyewe.

Pampu ya sasa ya ami imeingia mwaka wa pili. Zile mbili alizozitoa zilikuwa bado kwenye debe chini ya ngazi, nikazifungua kwa bisibisi. Kiwambo kimoja kilikuwa kimechanika. Cha pili hakikuwa na hata tundu la sindano.