Fundisho kwa Akina Mama: Sashe na Chupa za Plastiki

Mama mpendwa, mvua ikianza hapa Lubumbashi, tazama mfereji ulio karibu na nyumba yako. Ni kitu gani kinauziba? Mara nyingi ni sashe za soko na sashe za mai ya kunywa. Leo tujifunze namna uchafu huu unavyogusa afya ya mtoto wako.

1. Uchafu huu unaenda wapi?

Ganda la muhogo linaoza na kuwa udongo. Plastiki haiozi hivyo. Inakatika vipande vidogo-vidogo. Mvua inaisukuma mpaka mto Lubumbashi, kisha Kafubu, kisha Luapula, na mwisho mto Kongo unaoingia baharini. Dunia nzima ina shida hii. Mwaka 2019, katika kila kilo 100 za takataka za plastiki duniani, kilo 9 hivi tu zilitengenezwa tena kuwa kitu kipya. Serikali yetu ilikataza sashe kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini hazikuisha.

2. Inaleta magonjwa gani?

Mfereji ukizibwa, mai yanasimama na mbu wanazaa. Mai yakifurika, yanabeba uchafu wa vyoo mpaka ndani ya visima. Ndipo kuhara na kolera.

Tena kuna moshi. Mama wengi wanawasha mbabula na kipande cha sashe, juu moto unashika upesi. Moshi ule una sumu, na mtoto aliye mgongoni anauvuta pamoja nawe. Washa makala kwa majani makavu ao vijiti.

3. Tufanye nini?

Utasema: «Mama, sashe iko mingi ku soko, niko naweza nini?» Fikiri chupa ya kioo ya limonadi. Unarudisha tupu, kiwanda kinaiosha na kuijaza tena. Haigeuki takataka. Vitu vyetu vingine vizunguke vilevile:

– Enda sokoni na kitunga ao mfuko wa kitambaa.
– Chota mai katika bido safi yenye kifuniko. Utanunua sashe chache.
– Chupa tupu usitupe. Uwape wale wanaozinunua.
– Pamoja na majirani, safisheni mfereji mbele ya mvua.

4. Angalia sana!

Usiweke petroli ya taa wala Javel katika chupa ya mai ya kunywa. Mtoto hajui kusoma. Anajua tu kwamba chupa ile ni ya mai. Akinywa petroli, usimtapishe, maana ikirudi inaweza kuingia katika mapafu na kumwua. Usimpe maziwa wala mafuta. Mkimbize hospitali mara moja, na uchukue chupa ile ionekane. Petroli iwe na chombo chake, juu sana, mahali mkono wa mtoto haufiki.

Bwana Yesu, kiisha kulisha watu elfu tano, aliamuru mabaki yaokotwe, na vikajaa vikapu 12. Aliyeweza kuzidisha mikate hakupenda kitu kipotee. Na sisi tufanye vile.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwako, mbabula inawashwa na nini?
2. Petroli iko katika chombo gani? Ukifika nyumbani leo, angalia mbele ya kupika.