Wauguzi wa Hospitali

Someni masimulizi haya ya mvulana wa mwaka wa tano. Yeye aliugua sana, akalazwa hospitalini Lusangi. Aliporudi shuleni, mwalimu alimwambia asimame mbele ya wenzake awaeleze aliyoyaona. Akasema hivi:

1. Naanza kuugua

Ilikuwa majira ya mvua. Siku ya kwanza niliona baridi, ingawa jua lilikuwa kali. Kichwa kiliniuma, viungo vikalegea. Mama alipika wali na sombe, chakula ninachokipenda, lakini sikuweza kula hata kidogo. Siku ya pili joto la mwili likazidi, nikatapika. Majirani wengine wakasema, «Tungoje kidogo, pengine itapita.» Wengine wakaleta majani ya kuchemsha. Siku ya tatu nilitetemeka mwili mzima, macho yakageuka juu, nikapoteza fahamu. Mambo hayo mimi sikuyajua. Mama ndiye aliyenisimulia baadaye.

Hapo baba akasema, «Tumekawia mno.» Vijana wanne wakanibeba katika tipoyi mpaka kituo cha afya. Mwuguzi wa kituo akanitazama, akanitoboa kidole, akapima tone la damu. Akasema, «Ni malaria, tena kali. Hapa hatuna vyombo vya kumtunza. Lazima aende Lusangi leo hii.»

Lakini hakuniacha niondoke hivi hivi. Kwanza alinipima uzito, apate kujua kiasi cha dawa. Akanipiga sindano ya kwanza. Kisha akaandika barua: jina langu, uzito wangu, ugonjwa wangu, dawa aliyonipa na saa aliyonipa, yaani saa tisa ya mchana. Akamkabidhi baba barua ile, akamwambia, «Baba, usiipoteze. Barua hii ni sehemu ya dawa.»

Tulisafiri kwa pikipiki: dereva mbele, mimi katikati, mama nyuma amenishika. Baba alitufuata kwa baiskeli. Njia ilikuwa matope matupu. Tulipofika hospitalini, usiku ulikuwa umekwisha ingia.

2. Usiku ule

Nilipofumbua macho, niliona taa ndogo, na chupa ya maji ya dawa imetundikwa juu ya kitanda changu. Maji yalikuwa yakishuka tone kwa tone, yakiingia mkononi mwangu. Mama alikuwa ameketi mkekani chini. Karibu nami alisimama mwuguzi, mama mmoja wa makamo. Akaniinamia, akaniuliza, «Mwanangu, jina lako nani?»

Nikamjibu kwa shida. Akahesabu matone ya ile chupa, akanigeuza ubavu, akaandika neno katika karatasi, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nikasinzia. Baadaye kidogo nikasikia mkono begani. «Mwanangu, jina lako nani?» Nikamjibu tena. Mara ya tatu akaja, akauliza neno lile lile. Nikakasirika. Nikawaza moyoni, «Mama huyu amesahau mara hii? Kwa nini haniachi nilale?»

Usiku wa manane ukapita. Watu wote walikuwa kimya. Yeye akaja tena, na safari hii ameshika sindano. Nikalia, «Sindano tena? Ngoja asubuhi!» Akanijibu kwa upole, «Sasa ni saa tisa ya usiku. Mwenzangu wa kituo ameandika kwamba alikupa dawa saa tisa ya mchana. Saa kumi na mbili zimetimia. Dawa ina saa yake, na malaria haingoji jua litoke.» Akanipiga sindano. Nami nikageukia ukuta, wala sikumshukuru.

Kabla ya mapambazuko watu wakaingia mbio wamebeba mtoto mdogo. Walikuwa wametoka mbali sana. Yule mwuguzi akamkimbilia, akamwita mganga, wakafanya kazi pamoja kwa haraka, pasipo kelele. Lakini mtoto alikuwa amefika amechoka kabisa. Hakupona. Mwuguzi akamfumba macho, akamfunika nguo safi. Kisha akaketi chini sakafuni pamoja na mama wa mtoto, akamshika mkono, asiseme neno.

Baadaye akatoka nje kwenye ndoo ya maji, akanawa mikono kwa sabuni muda mrefu. Mlango ulikuwa wazi, nami nilimwona. Alijifuta macho kwa mkono wa nguo yake. Halafu akavuta pumzi, akarudi ndani, akaja kitandani kwangu. Akaniuliza kwa sauti ile ile ya kwanza, «Mwanangu, jina lako nani?»

Safari hii sikukasirika. Nilimwambia jina langu lote, na la baba pia.

3. Asubuhi

Kulipokucha, joto lilikuwa limepungua, nikaomba maji. Mama akamwambia mwuguzi, «Mama, umsamehe mtoto wangu. Usiku alikuwa mkali kwako.»

Yeye akacheka. «Hakunikosea kitu. Mgonjwa amechoka, na aliyechoka hununa.» Akaniambia, «Ulidhani nimesahau jina lako, sivyo? Sikia. Malaria kali yaweza kushika ubongo. Ukinijibu vizuri, najua akili yako iko macho. Kama ungenyamaza, au ungetaja neno lisilofaa, ningemwita mganga papo hapo. Swali lile lilikuwa kipimo changu.»

Akanionyesha karatasi yangu. Kila alipokuja kitandani alikuwa ameandika saa, joto la mwili, na jinsi nilivyojibu. Usiku mzima ulikuwa pale, mstari kwa mstari. Kisha mwuguzi wa mchana akaja, akaisoma karatasi, naye akajua mambo yangu yote, kana kwamba tulikesha pamoja. Saa tisa ya mchana ilipotimia, alinipa sindano ya tatu, bila kukosea.

Siku zilizofuata nilianza kula uji, kisha wali. Wakaacha sindano, wakanipa vidonge vya kumeza siku tatu, wakamwonya mama, «Hata akicheza na kukimbia, avimalize vyote.»

Siku ya kurudi nyumbani, baba alileta kuku mmoja ampe yule mwuguzi wa usiku. Yeye akashukuru sana, akasema, «Baba, mchinjieni mtoto, anywe mchuzi, apate nguvu. Zawadi yangu ni kumwona akitoka hapa kwa miguu yake.»

Hapo nikakumbuka jambo moja, nikaona haya. Yeye aliniuliza jina langu mara nyingi, lakini mimi sikumwuliza lake hata mara moja. Nikamwuliza. Akaniambia. Na mpaka leo silisahau.

4. Maneno ya mwalimu

Mvulana alipokwisha kusema, wenzake walikaa kimya. Mwalimu akawaambia:

«Watoto, kwetu watu huwaita wote waganga: yule anayepasua tumbo, na yule anayechoma sindano. Ni heshima, si vibaya. Lakini yafaa tujue kazi ya kila mmoja. Mganga hutafuta ugonjwa na kuagiza dawa. Mwuguzi hukaa na mgonjwa. Humpa dawa kwa saa yake, humwosha, hufunga vidonda, hutazama kama hali inabadilika, na huandika. Mganga akija asubuhi, hujua habari za usiku kwa macho ya mwuguzi.

«Tena, mara nyingi mwuguzi ndiye wa kwanza kutuona. Jimbo letu la Maniema lina zoni za afya 18, na Lusangi ni mojawapo. Zoni ina hospitali yake kubwa, na vituo vya afya vijijini. Katika vituo hivyo wauguzi ndio wanaopokea watu. Jirani zetu wa Kasongo walianza mapema njia hiyo. Katika miaka ya 1970, waganga na wauguzi wa Kasongo walifanya kazi pamoja na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji. Waliona kwamba mwuguzi aliyefundishwa vema, akiwa karibu na watu, aweza kutibu wagonjwa walio wengi. Wagonjwa wazito tu ndio wapelekwe hospitalini. Waliwachanja watoto wadogo surua pia, wakafuata maisha yao. Mwaka 1981 habari za watoto hao wa Kasongo zilichapishwa katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet, zikasomwa ulimwenguni kote.

«Jueni pia kwamba kazi hii ina hatari. Mwaka 1995 ugonjwa wa Ebola uliingia Kikwit, katika nchi yetu hii. Wakati ule watu hawakujua upesi kwamba ni Ebola. Wauguzi wengi Wakongo waliambukizwa, na wengi wakafa. Pamoja nao walikufa masista sita kutoka Bergamo, Italia. Wa kwanza alikuwa Sista Floralba Rondi, tarehe 25 Aprili. Wa mwisho alikuwa Sista Vitarosa Zorza, tarehe 28 Mei. Sista Vitarosa hakuwa Kikwit ugonjwa ulipoanza. Alikwenda huko kusaidia wenzake. Basi, mkimwona mwuguzi anavaa glavu na kunawa mikono tena na tena, msiseme anatuona wachafu. Anajilinda yeye, na anamlinda mgonjwa wa kitanda cha pili.

«Kila mwaka, tarehe 12 Mei, dunia nzima huwakumbuka wauguzi. Ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, Mwingereza, mwaka 1820. Mwaka 1854 alikwenda kutunza askari waliojeruhiwa vitani. Alitembea usiku na taa yake kati ya vitanda, na mchana alihesabu na kuandika: wangapi wameugua, wangapi wamekufa, na kwa sababu gani. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa London. Taa na karatasi: ndivyo vitu alivyovishika yule mama wa Lusangi usiku ule.

«Je, sisi tutawashukuru kwa namna gani? Si kwa maneno tu. Tuende kituoni siku ya kwanza ya ugonjwa, si siku ya tatu. Tuseme kweli: ugonjwa ulianza lini, na ni dawa gani tulizokunywa nyumbani, hata za majani. Tutunze barua na karatasi tulizopewa. Tumeze dawa mpaka zimalizike. Tusijae chumbani kwa wagonjwa na kupiga kelele. Na tukipona, tumwulize aliyetutunza jina lake, tumwambie asante.»

Maneno

*Kulazwa hospitalini*: kupewa kitanda na kutunzwa humo.
*Tipoyi*: kiti au kitanda cha kubebea mtu, hubebwa na watu mabegani.
*Makamo*: umri wa katikati, si kijana wala si mzee.
*Kuambukizwa*: kupata ugonjwa kutoka kwa mtu mwingine.
*Zoni ya afya*: eneo lenye hospitali yake na vituo vyake vya afya.

Maswali

1. Kwa nini baba alisema, «Tumekawia mno»?
2. Mwuguzi wa kituo aliandika nini katika barua? Kwa nini alisema barua ni sehemu ya dawa?
3. Sindano ya pili ilipigwa saa ngapi? Toka ile ya kwanza zilipita saa ngapi?
4. Kwa nini mwuguzi aliuliza jina la mvulana mara nyingi?
5. Mwuguzi alifanya nini baada ya kifo cha mtoto mdogo? Wewe waonaje?
6. Taja mambo manne tuwezayo kufanya ili kumsaidia mwuguzi.

Kazi ya kuandika

Wazee husema: *Mgonjwa haulizwi uji.* Eleza methali hii kwa habari ya mvulana na mwuguzi wa usiku. Kisha uliza nyumbani: nani alimsaidia mama yako siku ulipozaliwa? Andika jina la mtu huyo na sentensi tano za kumshukuru.