Ukienda Nerja, Fuata Saa ya Mji

Nerja ni mji wa pwani, kilomita 50 hivi mashariki mwa Málaga, kusini mwa Uhispania. Wageni wengi huumizwa na jua lake kwa sababu moja: hawajui kwamba jua la utosi pale si la saa sita. Uhispania inatumia saa za Berlin ingawa kijiografia iko usawa mmoja na London, na kiangazi saa husogezwa mbele tena. Jua hufika utosini saa nane na robo hivi. Anayekaa kivulini saa sita, kisha akarudi ufukweni saa nane akidhani makali yamepoa, ndiye anayebabuka. Ngozi nyeusi nayo huungua, kwa hiyo usidharau mafuta ya kujikinga.

Asubuhi iwe ya bahari. Nenda Burriana, ufukwe mkubwa wa mji, kabla watu hawajajaa. Mchanga wake ni wa kijivu wenye changarawe, basi chukua ndara. Aliyezoea kuogelea Mombasa au Unguja ajue kwamba maji ya huku ni baridi, hata Agosti. Wakati mwingine upepo wa terral hushuka kutoka bara, mji ukawaka moto, lakini bahari ikazidi kuwa baridi kwa sababu upepo huo husukuma maji ya juu mbali na pwani, ya chini yakapanda. Kupwa na kujaa ni kwa kiasi kidogo sana, hivyo huna haja ya kusubiri maji. Angalia bendera tu: kijani ingia, njano jihadhari, nyekundu usiguse maji hata ukiona wenzako wameingia.

Saa za jua kali zipeleke pangoni. Pango la Nerja liko Maro, kama kilomita 4 kutoka mjini, na liligunduliwa mwaka 1959 na vijana watano waliokuwa wakisaka popo. Ndani yake halijoto ni karibu nyuzi 19 mwaka mzima, na kuna nguzo ya mawe yenye urefu wa takriban mita 32 iliyojengwa na matone ya maji kwa maelfu ya miaka. Kwangu, hapa ndipo penye thamani kuliko ufukwe wowote wa mji huu. Kata tiketi mapema, vaa viatu visivyoteleza, na usikimbilie kutoka.

Chakula nacho kina saa yake. Cha mchana huliwa saa nane hadi saa kumi, cha usiku kuanzia saa tatu. Ukiingia saa kumi na mbili jioni, majiko mengi bado yamelala. Maduka madogo hufungwa mchana. Siku za kazi uliza menú del día: kwa bei moja unapata chakula cha kwanza, cha pili, mkate na kitindamlo, mara nyingi na kinywaji. Ufukweni agiza espeto, sadini zilizotungwa kwenye kijiti na kubanikwa kando ya moto wa kuni, mara nyingi ndani ya mtumbwi uliojazwa mchanga. Kiangazi ndipo zinaponona. Usiyekula nguruwe, sema "sin cerdo" na uulize hata kuhusu supu na maharage, maana vipande vya nyama ya nguruwe (jamón) hutiwa humo bila kutajwa.

Mwishoni mwa Juni magharibi huingia baada ya saa tatu na nusu usiku. Kabla yake tembea Balcón de Europa, baraza pana juu ya jabali linalotazama bahari. Mfalme Alfonso XII alifika hapo mwaka 1885, baada ya tetemeko la ardhi la Desemba 1884.

Kwa viza ya Schengen, omba mapema: unaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima yako isipungue euro 30,000. Ukiweza, chagua Septemba: umati wa Agosti umeondoka, na bahari ina joto kuliko Juni. Nerja haina reli. Kutoka uwanja wa ndege wa Málaga panda treni hadi kituo cha María Zambrano, kisha basi kwenye kituo cha mabasi kilicho jirani. Ndege ikitua usiku, lala Málaga, uendelee asubuhi.