NYIMBO ZA KISIWA CHA BARRA: DAFTARI PEKE YAKE HALITOSHI

Wazee husema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni kweli kwa fedha, kwa mifugo na kwa mashamba. Lakini iko mali nyingine, yaani nyimbo, ngoma na hadithi za watu, ambayo yaweza kuandikwa vizuri katika daftari, ikafungiwa kabatini, na hata hivyo ikapotea. Somo hili laeleza jinsi watu wa kisiwa kimoja kidogo cha Uskoti walivyolitambua jambo hilo, na shauri walilolikata.

Kisiwa na watu wake

Wasomaji wengi wa Kenya huwajua Waskoti kwa habari za misheni yao ya zamani huko Kikuyu na Tumutumu, nao hudhani kuwa Waskoti wote tangu asili walisema Kiingereza. Sivyo. Katika milima ya kaskazini na visiwa vya magharibi, lugha ya nyumbani kwa karne nyingi ilikuwa Kigaeli, ambacho ni ndugu wa lugha ya asili ya Ireland, wala msemaji wa Kiingereza hawezi kukielewa asipofundishwa.

Barra ni kimoja cha visiwa hivyo vya magharibi. Safari ya meli kutoka mji wa Oban huchukua karibu saa tano, na ndege hutua juu ya mchanga wa pwani maji yakiwa yamekupwa. Katika hesabu ya mwaka 2011 wakazi wake walikuwa 1,174 tu. Ardhi yake ni ya mawe, na watu wake wameishi kwa kufuga kondoo na ng'ombe, kwa kuvua samaki, na kwa kazi za ubaharia katika merikebu za mbali. Wamepatwa pia na shida kubwa. Mwaka 1851 mwenye ardhi, Gordon wa Cluny, aliwaondoa mamia ya watu wa Barra na visiwa vya jirani, wakapakiwa melini na kupelekwa Kanada. Waliobaki hawakuwa na mali nyingi, lakini walikuwa na nyimbo.

Nyimbo zilizokuwa chombo cha kazi

Zamani kila nyumba ilisokota sufu na kufuma nguo yake. Nguo ikitoka kwenye kitanda cha kufumia huwa nyepesi na yenye matundu, isiyoweza kuzuia upepo wa bahari. Kwa hiyo ililowekwa katika mkojo uliowekwa siku nyingi, kisha wanawake wakaketi pande mbili za ubao mrefu, wakaipiga ubaoni kwa kishindo na kuisukuma kwa jirani, ikizunguka kama jua linavyozunguka, mpaka ikasinyaa na kuwa nzito.

Kazi hiyo ilichukua saa nyingi, nayo haikuwezekana bila wimbo. Mmoja aliimba mstari, wengine wakaitikia kwa maneno yasiyo na maana, ambayo kazi yake ilikuwa kushika mwendo ili mikono yote ishuke pamoja. Katika mistari ile mlikuwa na habari za mapenzi, vifo vya baharini, ugomvi wa koo na mizaha juu ya vijana waliotaka kuoa. Msichana aliyeketi ubaoni alijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kazi ya nguo, na historia ya watu wake.

Vivyo hivyo usiku wa baridi. Majirani walikusanyika katika nyumba moja kando ya moto wa udongo mweusi wa vinamasi uliokaushwa, ambao ndio kuni zao. Hapo wazee walisimulia hadithi, wengine wakapiga zumari ya mfuko, na watoto wakasikiliza. Hapakuwa na mwalimu wala ada ya shule.

Jinsi urithi ulivyodhoofika

Mwaka 1872 ilitoka sheria iliyowalazimisha watoto wote wa Uskoti kwenda shule. Sheria hiyo ilikuwa njema kwa mambo mengi, lakini haikutaja Kigaeli hata mara moja. Mtoto aliyesema Kigaeli nyumbani alifundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Katika shule nyingine, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake alitundikiwa kijiti shingoni kwa kamba ili aone haya mbele ya wenzake. Watu wazima wa Kenya ambao shuleni walivikwa kibao kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani hawahitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo. Mtoto aliyeaibishwa hivyo, akiisha kuwa mzazi, mara nyingi huona ni huruma kutomfundisha mwanawe lugha ile.

Tena viwanda vikaanza kutengeneza nguo kwa mashine, na kufikia katikati ya karne ya 20 kazi ya kupiga nguo ubaoni ilikuwa imekwisha. Wimbo uliokuwa chombo cha kazi ulipokosa kazi, ukakosa na mahali pa kufundishwa. Halafu zikaja redio na televisheni, na majirani wakaacha kutembeleana usiku kama zamani.

Kazi ya waandishi

Hata hivyo walikuwapo watu walioiona hatari mapema. Bibi Margaret Fay Shaw, Mmarekani aliyejua muziki, alikaa katika kisiwa cha South Uist, jirani na Barra, tangu mwaka 1929 hata mwaka 1935, katika nyumba ya akina dada wawili wakulima. Aliandika nyimbo walizoimba wakikamua ng'ombe na kufanya kazi za shamba, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1955. Mumewe, Bwana John Lorne Campbell, alikuja Barra mwaka 1933 kujifunza Kigaeli, na mwaka 1937 akaanza kunasa sauti za waimbaji kwa mashine. Nyimbo za kupiga nguo alizozichapisha zilijaza vitabu vitatu, cha kwanza mwaka 1969 na cha mwisho mwaka 1981. Nacho Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha mwaka 1951 idara ya kutafuta mambo ya namna hii, na watumishi wake wakatembea kijiji kwa kijiji.

Miongoni mwa waliowaimbia waandishi hao ni Bibi Annie Johnston wa Barra, aliyekuwa mwalimu wa shule, na ndugu yake Bwana Calum Johnston, mpigaji wa zumari. Habari za mwisho wa mzee Calum zinafaa kukumbukwa. Mwishoni mwa mwaka 1972 maiti ya mwandishi Compton Mackenzie, aliyewahi kukaa Barra, ililetwa kisiwani kuzikwa. Siku ilikuwa ya upepo na mvua. Mzee Calum, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 80, aliitangulia jeneza akipiga zumari mpaka makaburini, kisha akaanguka na kufa siku ile ile.

Sauti yake ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa. Lakini sauti iliyohifadhiwa haiwezi kumshika mtoto mkono na kumwonyesha mahali pa kuweka kidole. Hapo ndipo daftari lilipofika mwisho wa uwezo wake.

Shauri la mwaka 1981

Karibu na mwaka 1980, wazazi na watu wengine wa Barra waliona kwamba mila za kisiwa zilikuwa zikififia, na kwamba shuleni watoto hawakufundishwa muziki wa kwao. Hawakungoja mtu wa mbali aje kuwaokoa. Walishauriana, na wakati wa kiangazi cha mwaka 1981 wakafanya sherehe ya mafunzo wakaiita Fèis Bharraigh, maana yake Sikukuu ya Barra.

Mpango wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Mchana watoto hugawanywa kwa makundi, na kila kundi hupewa mwalimu ajuaye sanaa yake: zumari ya mfuko, fidla, akodioni, filimbi, kuimba au kucheza. Aghalabu mtoto hujifunza kwa sikio, kama walivyojifunza babu zake. Mwalimu hupiga kipande kifupi, mtoto akakirudia, mpaka wimbo wote ukakaa kichwani. Jioni watu wote hukutana, wakubwa wakaimba, na watoto nao wakaonyesha walichokipata. Kwa njia hiyo jambo lililofanyika zamani kando ya moto likapata nyumba mpya.

Wanakijiji wa sehemu nyingine waliposikia habari hiyo, nao wakafanya vivyo hivyo. Mwaka 1991 sherehe hizo ziliunda chama kimoja cha kuzisaidia, kiitwacho Fèisean nan Gàidheal, na hesabu yake imepita 40. Chama hupata msaada wa fedha za umma, lakini kila sherehe huendeshwa na watu wa mahali pake.

Faida na upungufu

Faida zake zaonekana wazi. Watoto waliofundishwa katika sherehe hizo wamekua, na baadhi yao wamekuwa wanamuziki wanaolipwa na walimu wa wengine. Nazo sauti za zamani hazikutupwa. Tangu mwaka 2010 maelfu ya sauti hizo, zikiwamo zile za Bwana Campbell, zimewekwa katika intaneti ziweze kusikilizwa bila malipo. Mwalimu wa leo husikiliza sauti ya marehemu, kisha huwafundisha watoto wimbo ule kwa kinywa chake mwenyewe. Daftari na mwalimu vimeshikana mikono.

Lakini haifai kuficha upungufu uliopo. Mwaka 1891 watu waliosema Kigaeli katika Uskoti walikuwa zaidi ya 250,000. Mwaka 2022 walikuwa karibu 69,700. Ni kweli hesabu hiyo ilizidi ile ya mwaka 2011, kwa kuwa watu wengi wanajifunza, hata mijini. Lakini katika visiwa vya magharibi vyenyewe, ambako lugha ina kwao, wasemaji walipungua kutoka 52 katika kila watu 100 mwaka 2011 hata 45 mwaka 2022. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukitambua Kigaeli kuwa lugha rasmi. Sheria ni ngao njema, lakini haiingii jikoni kumsemesha mtoto. Wiki moja ya sherehe kwa mwaka yaweza kumpa mtoto wimbo. Lugha ya kuuelewa wimbo huo huipata katika siku nyingine zote za mwaka, kwa wazazi wake na majirani zake.

Mambo ya kushika

Kwanza, nyimbo hufa pale kazi au mkutano uliozibeba unapokoma, basi hazina budi kutafutiwa mkutano mwingine. Pili, kuandika na kunasa sauti ni kazi ya lazima, nayo ifanywe wazee wangali hai. Tatu, kilichoandikwa hakina uhai mpaka mtu akifundishe kwa mtoto.

Maswali kwa vikundi vya kujifunza

1. Kwa nini nyimbo za kupiga nguo zilianza kusahauliwa ingawa watu walizipenda?

2. Bwana Campbell na Bibi Shaw walifanya kazi gani ambayo wazazi wa Barra wasingeweza kuifanya mwaka 1981? Na wazazi hao walifanya nini ambacho vitabu havikuweza?

3. Ni nani katika kijiji au mtaa wenu ajuaye wimbo ambao hapana mtoto anayeujua? Je, ni lini mara ya mwisho mtoto kuombwa aketi karibu naye?