Umerudi na Nini Kutoka Vitani?

Somo la juma: 1 Samweli 31:8-13; Amosi 2:1; Luka 3:14

Juma hili nafundisha jambo lisilotajwa sana madhabahuni, ingawa kwenye viti vyetu wamo askari, wake za askari na wazazi wa askari. Vijana wakienda kazini tunawaombea, wakirudi tunatoa shukrani. Lakini ni nani huuliza wamerudi na nini?

Nasema juu ya nyara. Askari akimwangusha adui, anaweza kumvua saa au pete, akachukua simu yake, au ile picha ya watoto iliyokuwa mfukoni, ili iwe ukumbusho. Wengine katika historia wamechukua hata viungo vya mwili.

1. Nyara zina mipaka

Tusiseme Biblia inakataza nyara zote, maana haisemi hivyo. Kumbukumbu la Torati 20:14 inaziruhusu, na katika 1 Samweli 30 Daudi aliwagawia watu wake. Lakini katika Hesabu 31 askari walikaa siku saba nje ya kambi wakijitakasa, wao pamoja na vitu walivyoleta. Akani alificha zake chini ya hema, na Israeli nzima ikaumia (Yoshua 7). Abramu alikataa kuchukua hata uzi kutoka kwa mfalme wa Sodoma (Mwanzo 14). Na askari walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache jeshi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, watosheke na mshahara wao.

2. Mwili wa adui si mali yako

Wafilisti walimkuta Sauli amekufa, wakamkata kichwa, wakaweka silaha zake katika nyumba ya miungu yao na kuutundika mwili ukutani Beth-shani. Watu wa Yabesh-Gileadi waliposikia, walitembea usiku kucha kwenda kuuteremsha. Hawakuweza kumfufua, lakini walimpa heshima ya mwisho.

Sasa soma Amosi 2:1. Moabu iliichoma mifupa ya mfalme wa Edomu ikawa chokaa. Moabu si Israeli, na Edomu si Israeli. Tena huyo mfalme alikuwa maiti, hasikii maumivu. Hata hivyo Mungu alitangaza hukumu. Kumbe mtu akifa, hata akiwa adui, bado yuko chini ya macho ya Muumba wake!

Najua kuna mtu atauliza: "Pastor, na Daudi je? Si alibeba kichwa cha Goliathi?" Ni kweli, 1 Samweli 17 inaeleza hivyo. Lakini kueleza si kuamuru. Soma pia 2 Samweli 4. Rekabu na Baana walimletea Daudi kichwa cha Ishboshethi, wakitarajia kupongezwa. Daudi aliwahukumu kifo, na kichwa kile akakizika kwa heshima Hebroni, katika kaburi la Abneri.

3. Sisi tunaujua uchungu huu

Katika Vita vya Pili vya Dunia, baadhi ya askari wa Marekani kule Pasifiki walichukua mafuvu ya Wajapani. Mwaka 1944 gazeti la Life lilichapa picha ya msichana akitazama fuvu alilotumiwa na rafiki yake wa jeshi la majini. Mwaka huohuo Rais Roosevelt alipewa kisu cha kufungulia barua kilichotengenezwa kwa mfupa wa Mjapani. Alikirudisha, akataka kizikwe. Hawa walikuwa vijana wa kawaida, wengi wao wamelelewa kanisani. Vita vilikuwa vimewafundisha kumwona adui kama mnyama wa kuwindwa.

Tusiwanyoshee kidole haraka. Hapa kwetu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Fimbo zake za uongozi zilichukuliwa, zikakaa na familia ya afisa huyo hadi ziliporudishwa Kenya mwaka 2006. Hiyo ni zaidi ya miaka 100! Nao wazee wa Wanandi wanasema kichwa chake pia kilipelekwa Uingereza, na bado wanakidai.

Basi ikiwa tunalia tukidai cha kwetu kirudishwe, tutamwambia nini mama wa Mogadishu au wa Goma ambaye pete ya mwanawe iko kwenye kabati la Mkristo hapa Kenya? Mathayo 7:12 inatosha kutujibu: watendee wengine vile ungetaka wakutendee.

Hata sheria ya vita inakubaliana na Neno hapa. Mikataba ya Geneva ya 1949 inataka maiti zilindwe zisiporwe, na vitu vya marehemu, hata vile vya kumbukumbu tu, vipelekwe kwa jamaa zake.

Tufanye nini?

Askari, ukipata kitu cha marehemu, kikabidhi kwa mkubwa wako. Usipige picha na maiti, na usitume picha hizo kwenye WhatsApp. Kama kitu kiko nyumbani tayari, usikitupe wala kukiuza. Zungumza na kasisi wa jeshi, ujue njia ya kukirudisha. Mzazi, mke, uliza kwa upole. Huenda kijana anangoja mtu wa kumuuliza, maana kitu kama hicho kinamlemea mtu usiku.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini Mungu alijali mifupa ya mfalme wa Edomu?
2. Je, nyumbani kwetu kuna kitu ambacho mwenyewe, au jamaa zake, bado wanakililia?

Maombi: Bwana, walinde vijana wetu vitani, miili yao na mioyo yao pia. Wafundishe kumwona binadamu hata katika adui aliyeanguka. Kwa jina la Yesu, Amina.