Gita la midi linapochelewa na kukosea noti: maswali ya wapiga gita wa Dallas, Fort Worth na Houston

Katika ibada za Kiswahili za Fort Worth, Dallas na Houston, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania huimba kwaya moja. Mara nyingi kwaya hizo zina mpiga solo hodari, ila hazina mpuliza tarumbeta wala mpiga marimba. Ndiyo maana gita linaunganishwa na kompyuta kwa midi, yaani lugha ambayo vifaa hutumiana noti: mpigaji anapiga nyuzi zake, na programu ya sinthesaiza inatoa sauti ya tarumbeta, filimbi au marimba. Jambo lenyewe ni zuri, lakini wengi huliacha baada ya wiki chache kwa sababu noti zinachelewa, zinaongezeka au zinatoka zisizopigwa. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Bwana asifiwe, fundi. Napiga solo kwenye kwaya hapa Fort Worth. Nimefunga pikapu ya midi, nikachagua sauti ya tarumbeta. Nyuzi nyembamba zinakwenda vizuri, lakini nene zinachelewa hadi ngoma inaniacha. Je, kompyuta yangu ni dhaifu?

Amina, ndugu yangu. Usiuze kompyuta bado. Ukibonyeza kinanda, kitufe chenyewe kimeshajua ni noti gani. Gita haliko hivyo. Mashine inabidi iusikilize uzi unavyotetemeka, ipime kasi yake, ndipo iamue kwamba hii ni E au ni F. Hakuna uamuzi kabla ya kusikiliza.

Sasa tazama hesabu. Uzi wa sita ukiwa wazi hutetemeka karibu mara 82 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo mmoja huchukua milisekunde 12. Mashine nyingi huhitaji mtetemo mmoja na nusu au miwili ili ziwe na uhakika, nawe umeshapoteza milisekunde 18 hadi 24 kabla programu haijapewa chochote. Uzi wa kwanza hutetemeka karibu mara 330 kwa sekunde, na mtetemo wake mmoja ni milisekunde 3 tu. Ongeza kwamba pale piki inapogonga uzi hutoka kwanza mkwaruzo usio na noti, na mashine hulazimika kungoja utulie. Wapigaji wengi huanza kuhisi wanaburutwa uchelewaji ukizidi milisekunde 10 hivi. Kwa hiyo sikio lako halikudanganyi. Uzi mnene unachelewa kweli, na hakuna kompyuta itakayoharakisha mtetemo wake.

Dawa ipo, nayo iko kwenye upigaji. Piga mstari uleule oktava moja juu, kisha kwenye programu shusha sauti kwa nusu toni 12. Msikilizaji atasikia noti nzito uliyoikusudia, lakini mashine itakuwa imesikiliza uzi mwepesi na kuamua mapema. Ukitaka besi nzito zaidi, shusha 24. Na pale unapolazimika kupiga nyuzi nene zenyewe, zipe sauti zinazoanza polepole, kama vayolini za kundi au ogani laini. Tarumbeta na piano huanza kwa kishindo, na kishindo kilichochelewa kila mtu anakisikia.

Basi kompyuta haina lawama kabisa?

Inayo, ila ni ya pili. Nenda kwenye mipangilio ya sauti utafute bafa (buffer), yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa. Ikiwa imewekwa sampuli 512 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, inaongeza karibu milisekunde 11. Ishushe hadi 128 na itabaki chini ya 3. Sauti ikianza kukatika, panda hadi 256 na ukae hapo. Kwenye Windows tumia dereva ya ASIO iliyokuja na kifaa chako cha sauti, siyo ile ya kawaida ya mfumo. Zima intaneti na programu nyingine wakati wa ibada.

Usitumie spika wala hedifoni za Bluetooth. Hizo peke yake zinaweza kuongeza milisekunde 100 au zaidi, na hakuna mpangilio mwingine utakaokuokoa. Angalia pia spika yako imesimama wapi. Sauti hewani huchukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo spika iliyo mita 5 kutoka ulipo imeshakuongezea 15. Isogeze karibu na miguu yako kabla ya kugusa kitu kingine.

Niko Houston. Tatizo langu ni noti nisizozipiga. Nikigusa uzi mmoja zinatoka mbili, na mara nyingine inaruka oktava juu.

Hili ndilo linalowakatisha wengi tamaa, na chanzo chake karibu kila mara kiko kwenye gita na vidole. Anza na pikapu. Pikapu ya nyuzi sita kama GK-3 ya Roland inatakiwa ikae karibu na daraja kadiri nafasi inavyoruhusu, na uzi ukibanwa freti ya mwisho kabisa, pabaki kama milimita 1 kati ya uzi na pikapu. Ikiwa mbali, pikapu inasikia kidogo na mashine inakisia. Ikiwa karibu mno, uzi unaigonga.

Kisha ingia kwenye sehemu ya usikivu wa kila uzi, uzipange moja moja. Piga uzi kwa nguvu zako zote za kawaida. Kipimo kinatakiwa kikaribie juu bila kufika mwisho. Mpigaji wa kwaya hupiga kwa nguvu zaidi akiwa mbele ya watu kuliko nyumbani, kwa hiyo pima ukiwa unapiga kama unavyopiga Jumapili.

Baada ya hapo, sikiliza gita lenyewe bila spika. Uzi ukilia "zzz" kwenye freti, mashine inapata mitetemo miwili na kuchagua ule usiofaa. Hapo ndipo hali ya hewa ya Houston inapoingia. Nje kuna unyevu mwingi, ndani kiyoyozi kinakausha hewa, na mti wa gita unavuta na kutoa maji kila unapovuka mlango. Shingo inapinda kidogo, nyuzi zinashuka, zinaanza kugusa freti. Fundi wa gita atainyoosha kwa muda mfupi. Usiliache gita ndani ya gari mwezi wa Agosti, iwe Houston au Dallas. Nyuzi nazo zibadilishe. Uzi wenye kutu na jasho hautetemeki sawasawa katika urefu wake wote, na mashine inasikia kasoro ambayo sikio lako limeshaizoea.

Mwisho ni mkono. Ukiinua kidole, uzi uliouacha unaendelea kulia kidogo. Kwenye gita la kawaida hakuna anayejali. Kwenye gita la midi huo mlio ni noti kamili ya tarumbeta. Nyamazisha nyuzi usizozipiga kwa kiganja cha kulia na kwa vidole vilivyolala vya kushoto. Wengine hufunga kitambaa laini karibu na nati, nami nawaunga mkono.

Nikivuta uzi, kama tunavyofanya kwenye solo, sauti inapanda kidogo tu. Rafiki yangu kwake inaruka mbali sana. Kwa nini?

Kwa sababu vifaa viwili havijakubaliana. Gita hutuma noti, kisha hutuma kiasi cha kuipinda. Kiasi hicho hakina maana mpaka pande zote mbili zijue upeo wake. Sinthesaiza nyingi huja zikiwa na upeo wa nusu toni 2. Ikiwa kifaa cha gita kimewekwa 12 na programu imebaki 2, ukivuta toni nzima utapata theluthi moja ya nusu toni. Ikiwa ni kinyume, kifaa 2 na programu 12, ukivuta toni nzima sauti inaruka oktava. Tafuta palipoandikwa Pitch Bend Range pande zote mbili, uweke namba moja. Mimi napendekeza 12, maana inatosha hata kuteleza oktava nzima.

Kuna jambo jingine hapohapo. Nyuzi zote zikitumwa kwenye chaneli moja, ukivuta uzi mmoja zote sita zinapinda pamoja nao. Chagua hali ya mono, ambapo kila uzi una chaneli yake, na programu ipokee chaneli zote sita. Programu mpya zenye MPE, utaratibu uliopitishwa 2018, hufanya hivyo zenyewe, lakini upeo wake wa kawaida ni 48, kwa hiyo hakikisha kifaa nacho kimepanda hadi hapo. Kwa sauti ya piano fanya tofauti: zima kabisa kupinda. Kidole kinachotikisika kidogo kinaifanya piano isikike imelegea nyuzi.

Sina pesa ya pikapu ya nyuzi sita. Naweza kutumia gita langu la kawaida na programu tu?

Unaweza. Programu kama MIDI Guitar ya Jam Origin husikiliza waya wa kawaida wa gita kupitia kifaa cha sauti na kutambua noti kadhaa kwa pamoja. Kwa mwanzo, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza.

Adui wako hapa ni mvumo wa umeme. Umeme wa Marekani unavuma kwa Hz 60, na mlio wake wa mara mbili, 120, unaangukia kati ya A diezi na B za nyuzi nene. Nyumbani Afrika Mashariki umeme ni wa Hz 50, na 100 yake inakaa karibu na G. Kwa hiyo ukiona B isiyoeleweka inajitokeza kimyakimya katika ukumbi wa Dallas, usiilaumu programu. Gita lenye pikapu za koili moja ndilo linaloumia zaidi. Tumia pikapu zenye koili mbili, kaa mbali na taa za kupunguza mwanga na chaja ya laptopu, na ongeza kizingiti cha kelele hadi ukimya uwe kimya kweli.

Sisi tunapiga sebene. Hizi mashine zinatufaa?

Zinatufaa kuliko wengi wanavyodhani, na ningependa vijana wetu walijue hili. Sebene hukaa juu ya shingo, kwenye nyuzi nyembamba. Uzi wa kwanza kwenye freti ya 12 hutetemeka karibu mara 659 kwa sekunde. Mtetemo mmoja ni milisekunde moja na nusu, na mashine inaamua upesi kabisa. Mpiga roki anayesaga nyuzi nene ndiye mwenye shida. Chagua sauti fupi zinazokufa haraka, kama marimba au likembe, ili noti zinazofuatana kwa kasi zisirundikane.

Wenye mi-composé, yaani uzi wa nne uliobadilishwa kwa uzi mwembamba na kupandishwa oktava, wana faida ya ziada, kwa sababu uzi huo nao unasomeka haraka. Panga upya usikivu wake tu, maana mwembamba hautoi nguvu sawa na mnene.

Tatizo la sebene ni yale mapigo ya "chaka" yaliyonyamazishwa, ambayo hayana noti. Mashine hailijui hilo, inalazimisha noti. Ongeza kizingiti cha nguvu, na urefu wa chini kabisa wa noti kama programu inao. Bado, rithimu yenye mapigo mengi ya aina hiyo iachie gita la kawaida.

Mzee wangu alinifundisha kupiga kwa dole gumba na kidole cha shahada. Besi na wimbo pamoja.

Mpe shikamoo yangu. Ni mtindo uliopata jina duniani kupitia Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na kwa gita la midi ndio mtihani mgumu kuliko yote. Dole gumba liko kwenye nyuzi zinazochelewa, shahada kwenye zinazowahi, na mwendo uliosukwa pamoja unafumuka. Gawanya gita. Nyuzi tatu nene ziende kwenye spika kwa sauti yake ya asili, isiyochelewa. Nyuzi tatu nyembamba peke yake ziende kwenye sinthesaiza. Vifaa vya nyuzi sita hukuruhusu kuzima uzi unaoutaka. Kama gita lake ni la nyuzi za nailoni, pikapu ya sumaku haitasikia kitu. Litahitaji pikapu za piezo kwenye daraja.

Tunashusha nyuzi zote nusu toni ili waimbaji wafikie. Ni sawa?

Texas hilo ni jambo la kawaida. Stevie Ray Vaughan wa Oak Cliff, Dallas, alipiga hivyo. Lakini uzi wa sita unashuka hadi Hz 78 na kuchelewa zaidi. Acha gita katika E ya kawaida, ushushe nusu toni moja ndani ya programu.

Nianze kununua nini?

Programu kwanza, kwa gita ulilonalo na nyuzi mpya. Ukishajua mkono wako unatoa noti safi, ndipo ufikirie pikapu ya nyuzi sita. Maonyesho ya magita ya Dallas, yaliyoanza 1978, na maduka makubwa ya miji yote mitatu yatakuruhusu kushika kifaa kabla ya kulipa. Ukikishika, usipige solo ya juu, maana huko kila kifaa kinapendeza. Piga uzi wa sita ukiwa wazi, mara nyingi, kwa kasi ya wimbo wenu, ukiwa na sauti ya piano. Kikikuridhisha hapo, kinunue.