Programu Ndani ya Kizimba

Linux ni kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, kilichoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Kwa desturi, programu za mfumo huo hutumia kwa pamoja maktaba, yaani mafaili ya maelekezo yanayohitajiwa na programu nyingi. Nakala moja huzitosheleza zote, kama kisima kimoja kinavyotosheleza nyumba nyingi za kijiji.

Katika miaka ya 2010 ulienea utaratibu mwingine, ambao mifano yake mikuu ni Snap na Flatpak. Hapo programu hufungwa pamoja na maktaba zake, kisha huendeshwa ndani ya kizimba, yaani eneo lililotengwa ili isiguse mafaili ya mtumiaji bila idhini. Aidha, kifurushi kimoja huweza kutumika katika aina nyingi za Linux. Faida hizo ni kubwa, lakini zina gharama tatu.

Kwanza ni nafasi. Programu za Flatpak husimama juu ya jukwaa la maktaba lenye mamia ya megabaiti. Programu mbili zikihitaji matoleo tofauti ya jukwaa hilo, yote mawili hayana budi kuwekwa diskini.

Pili ni marekebisho. Mwaka 2014 ilitangazwa kasoro ya hatari, iitwayo Heartbleed, katika maktaba ya OpenSSL. Penye nakala moja ya pamoja, kasoro ya namna hiyo hurekebishwa mara moja kwa programu zote. Lakini kila kifurushi kikiwa na nakala yake, kila mtayarishaji hupaswa kurekebisha ya kwake. Mmoja akichelewa, mlango hubaki wazi.

Tatu ni kizimba chenyewe. Mtayarishaji wa kifurushi ndiye atangazaye idhini zinazohitajiwa. Zikiwa chache mno, programu hushindwa kufungua faili la mtumiaji. Zikizidi, kwa mfano ruhusa ya kuandika katika folda yake yote, programu huweza kubadili faili la maagizo linalosomwa kila aanzapo kazi, na kwa njia hiyo ikatoka nje. Kizimba hubaki jina tu.

Ni dhahiri, basi, kwamba usalama hautokani na kuta peke yake, bali pia na uangalifu wa anayetoa idhini.

Maswali

1. Kwa nini maktaba ya pamoja hurahisisha marekebisho?
2. Eleza jinsi idhini nyingi zinavyobatilisha kizimba.